JE, KIDOGO NI KIDOGO?

Kuna neno ambalo watu wengi hulitumia kujitetea: "Kilikuwa kidogo tu." Twataka kulipima neno hili, tuone kama laweza kusimama. Na ili tusiseme maneno matupu, tutaeleza habari iliyotokea kweli.

Katika jimbo la California, nchi ya Marekani, liko ziwa liitwalo Clear Lake. Ziwa hili lilikuwa na visubi wengi mno, nao waliwaudhi wavuvi na wageni waliokuja kupumzika. Visubi hao hawaumi mtu. Ni udhia tu. Mwaka 1949 ilitiwa ziwani dawa iitwayo DDD, ndugu yake ile DDT ijulikanayo sana. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa wazembe. Walipima maji, wakatia sehemu moja ya dawa katika sehemu milioni 70 za maji. Visubi wakafa, lakini baadaye wakarudi. Basi mwaka 1954 dawa ikatiwa tena, sehemu moja katika milioni 50, na mwaka 1957 mara ya tatu.

Ziwani humo walikaa ndege wa jamii ya kibisi, zaidi ya jozi 1,000, ambao hupiga mbizi na kula samaki. Baada ya dawa ya mwaka 1954 zaidi ya mia walionekana wamekufa. Baada ya dawa ya tatu wakafa wengine. Watu wakatafuta ugonjwa, wasiuone. Ndipo mafuta ya miili yao yalipopimwa, ikaonekana ndani yake sehemu 1,600 za dawa katika milioni. Majini ilikuwa sehemu 0.02 tu. Yaani katika mafuta ya ndege dawa ilizidi ile ya majini mara 80,000.

Ilikuwaje? Dawa hii ni vigumu kuyeyuka katika maji, bali huyeyuka katika mafuta, wala haiozi upesi. Vijimea na vijidudu vya majini viliitwaa, vikakutwa na sehemu 5 katika milioni. Samaki wakala hivyo, samaki wakubwa wakala wadogo, na ndege wakala samaki. Kila mlaji alirithi sumu ya wote aliowala. Maji yenyewe yalipopimwa muda mfupi baada ya dawa ya mwisho, haikuonekana hata chembe. Aliyeyatazama angalisema, "Yametakata." Kumbe sumu haikuondoka, ilihamia katika vyenye uhai. Hata ilipofika mwaka 1960, jozi za ndege zilizosalia zilikuwa yapata 30.

Je, watu wale walikuwa na hatia? Twadhani kutokujua ni kwa namna mbili. Kuna kutokujua kwa mtu asiyepata bado onyo lo lote. Huyo wa mwaka 1949 twamwachilia. Na kuna kutokujua kwa mtu aliyekwisha kuona alama, naye akaendelea kabla ya kupata jibu. Ndege waliokufa baada ya mwaka 1954 walikuwa alama. Ni kweli, sababu haikujulikana bado. Walakini palipo na kifo kisichoelezeka, yampasa mwenye dawa auzuie mkono wake hata ajue. Mzigo wa kuuliza ni wake yeye atiaye, si wa ndege afaye.

Huenda mtu akatuambia, "Mwakataza dawa zote, watoto wetu wafe kwa malaria?" Hasha. Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 yaliibana DDT, lakini yaliacha mlango kwa ajili ya kupigana na mbu waletao ugonjwa. Na kazi hiyo hufanywa kwa kupuliza kutani ndani ya nyumba, si ziwani. Kuokoa uhai wa mtoto ni jambo moja, kuondoa udhia ni jambo lingine. Mwenye busara huyapima yote mawili kwa mizani, wala hayaiti kwa jina moja.

Nasi katika mashamba yetu ya pamba na nyanya twafanyaje? Mkulima amalizapo kupuliza huosha bomba lake kijitoni, akasema, "Ni matone tu, maji yameyachukua." Si kila dawa hukaa kama DDD, nyingine huoza upesi. Lakini je, ameuliza yake ni ipi? Na chini ya kijito wako wachotao maji, na samaki wavuliwao. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Sisi hulitumia neno hili kwa habari ya akiba, lakini sumu nayo ina kibaba chake.

Kwa hiyo bomba lioshwe mbali na kijito na kisima, na maji yale yamwagwe shambani, juu ya mimea ile ile iliyopulizwa. Wala tusiulize tu, "Nimetupa kiasi gani?" Tuulize pia, "Kitakaa wapi, na nani atakila?"