MLINZI WA LANGONI NA UJIRA WA HAKI

Usiku, baada ya sala ya jioni, baba wa nyumba hufunga mlango kwa komeo, na watoto hulala. Huko nje, penye lango la duka, la benki, la shule, la hospitali, na hata la nyumba ya mapadre, yupo mtu mwenye sare, rungu, filimbi na tochi, naye hana ruhusa ya kulala mpaka kuche. Twamwita "mlinzi" tu, na mara nyingi jina lake la ubatizo hatulijui. Leo twataka kunena habari zake, wasomaji wetu wapenzi. Bwana wetu alipozaliwa Bethlehemu, habari ile njema haikupelekwa kwanza kwa wakubwa waliolala vitandani, ila kwa watu waliokuwa wakikesha zamu ya usiku, wakilinda makundi yao.

Katika Tanzania kazi ya makampuni ya ulinzi imekua upesi tangu miaka ya 1980. Wakati huohuo Usukuma na Unyamwezi, Sungusungu walishika pinde zao na kujilindia vijiji bila mshahara. Lakini mjini jirani hajuani na jirani, na mwenye mali hukodi kampuni. Hatusemi ni jambo baya. Vijana wengi waliotoka shuleni au katika mafunzo ya mgambo wamepata riziki humo, na wanawake nao wameingia. Siku hizi, kwa kuwa kamera zimeenea, kijana ajuaye kuzitumia na kuandika taarifa safi aweza kupanda cheo. Nayo ni kazi ya heshima, maana wapo walioifia. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka penye Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, walikufa watu 11, na walinzi wa langoni walikuwa miongoni mwao. Kwa jirani zetu wa Kenya, alfajiri ya Alhamisi Kuu, 2 Aprili 2015, wauaji waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa waliwaua kwanza walinzi wa langoni wasio na silaha. Siku ile walikufa watu 148.

Basi mtu kama huyo alipwa nini? Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha sh. 222,000 kwa mwezi katika makampuni makubwa ya ulinzi, na sh. 148,000 katika madogo. Mwaka 2025 Serikali ilitangaza kupandisha kima cha chini cha mishahara katika makampuni ya watu binafsi, kuanzia Januari 2026, nasi twashukuru. Lakini zile sh. 148,000, ukizigawanya kwa siku 30, hazifiki sh. 5,000 kwa siku, na humo mna kodi ya chumba, unga, nauli na daftari za watoto. Ndiyo sababu wengi wakisha kukesha hutafuta kibarua kingine mchana. Usiku wa pili mlinzi asinzia, na msimamizi amkata mshahara. Askari waliolinda kaburi la Bwana walipewa fedha nyingi ili waseme wamelala, na hali huyu wetu, akilala kweli kwa uchovu, hunyang'anywa hata kidogo alicho nacho.

Tufanye hesabu kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaruhusu saa 45 za kawaida kwa juma, na saa za ziada zisizozidi 50 katika majuma manne, tena zilipwe mara moja na nusu. Kazi ya usiku huongezewa asilimia 5, na kila juma lina pumziko la saa 24. Lindo moja, usiku na mchana, lina saa 168 kwa juma. Kwa saa za kawaida lataka watu karibu wanne. Hata tukiingiza saa zote za ziada, watu watatu ndio kadiri ya chini kabisa. Je, mikataba mingapi yaandikwa kwa watu wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, saa 12 kwa 12? Mlinzi wa namna hiyo hana Dominika. Sisi tumo ndani twasikiliza Misa, naye yu nje alinda magari yetu.

Wenye makampuni wakiulizwa husema: "Mteja ataka bei ya chini, nikilipa vizuri, jirani yangu atanishinda." Hatuwatetei, maana wapo wachoyo wanaokata hata gharama ya sare katika mshahara wa mtu. Wala hatumtetei mlinzi afunguaye lango kwa wezi. Amri ya saba yamhusu kama sisi sote. Lakini neno lao juu ya mteja lina ukweli, na mteja huyo ni nani? Ni shule zetu, zahanati zetu na parokia zetu, zipangazo barua za bei mezani na kuichagua iliyo ndogo kuliko zote, kisha zajisifu kwa kubana matumizi. Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba mtu akikubali ujira mdogo kwa sababu ya shida, kukubali kwake hakuufanyi kuwa wa haki. Na katekisimu tuliyofundishwa utotoni yahesabu kudhulumu ujira wa wafanyakazi miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu. Haisemi kwamba mwenye kudhulumu kwa mkono wa kampuni amesamehewa.

Hatuwezi kuyaandika haya na kunyamaza juu ya lango letu. Mwezi uliopita tulimwuliza mlinzi wa ofisi ya gazeti hili alipwa kiasi gani, naye alitazama kwanza kama msimamizi wake yu karibu, ndipo akajibu. Alichotaja hakikufika hata nusu ya fedha tunazoitolea kampuni kwa ajili ya lindo lake, naye hakumbuki Dominika ya mwisho aliyopumzika. Miaka mitatu tumepita mbele yake tukimwamkia. Mkataba wetu wakwisha mwezi wa Juni, nasi tumekwisha kuandika kwamba hatutatia sahihi mpya pasipo kuonyeshwa orodha ya mishahara na zamu za watu watatu. Bei itapanda, na tumeanza kutafuta mahali pa kupunguza gharama nyingine.