Huyo Naye Alianzisha Nini?

Tangu niache chuo mwaka wa tatu, mjomba wangu hunifariji kwa jina moja: Honda. Eti yule mzee naye alisoma chuo cha ufundi kule Hamamatsu akatoka bila cheti, na leo pikipiki zake zimejaa kila steji. (Za steji yetu nyingi ni Boxer, lakini simkatizi.) Najua nia yake ni njema. Ila faraja hiyo huniacha vibaya zaidi.

Mwaka 1936, kando ya mto Tama huko Kawasaki, Japani ilipata uwanja wake wa kwanza wa kudumu wa mbio za magari, Tamagawa Speedway: njia ya umbo la yai, mzunguko wa mita 1,200. Juni hiyo Soichiro Honda aliingia na gari la kuunda mwenyewe, injini ya Ford. Pembeni yake alikaa mdogo wake, Benjiro. Gari jingine likaingia njiani, wakaligonga, wakarushwa nje. Soichiro aliumia. Benjiro alivunjika uti wa mgongo.

Hadithi hii husimuliwa kinyumenyume. Ajali inapendeza kwa sababu 1948 kampuni ilizaliwa. Sasa hebu toa kampuni. Anabaki fundi wa gereji aliyependa spidi hadi nduguye akavunjika. Siku ile ingekuwa na thamani yoyote? Na mgongo wa Benjiro tuuandike kwenye hesabu ya nani?

Tukisema kuanguka ni kuzuri kwa sababu ya kuinuka, basi anayebaki chini tumemnyima hata hicho kidogo alichokuwa nacho: kwamba alijaribu, kwamba alipenda kitu. Mimi huenda nikabaki chini. Yaani, kweli kabisa.

Uwanja wenyewe haukuinuka. Vita vilisimamisha mbio, baadaye zikarudi kidogo tu, zikaisha. Zikabaki ngazi za zege za watazamaji, zimeelekea mtoni, na watu waliendelea kuzikalia miaka na miaka bila gari lolote la kutazama. Kimbunga cha 2019 kilipoingiza maji kwenye nyumba za Kawasaki, ikaamuliwa ukingo uimarishwe, na 2021 ngazi zikaanza kubomolewa. Sina ugomvi na hilo. Watu wanalala pale. Lakini sikubali kwamba zilikuwa bure.

Jana nilimuuliza mjomba kama anamjua Benjiro.

“Huyo naye alianzisha nini?”