Mtoto Yu Safarini, Mzazi Yu Nyumbani

Kila mwaka mwisho wa Mei unapokaribia, vijana wetu wengi huungana na wenzao kwenda kuhiji Namugongo, katika nchi ya Uganda, ili wawahi Juni 3, sikukuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake. Kijana wa Bukima atokaye Musoma kwa basi huvuka mpaka pale Sirari, hupita Kisumu, kisha huingia Uganda kwa njia ya Busia. Yeye anaimba na wenzake. Mama yake anaanika muhogo juu ya mwamba, simu ameifundika katika pindo la khanga, na baba arudipo kutoka ziwani, neno lake la kwanza ni hili: "Wamefika wapi?"

Simu ile ni neema, wala hatumlaumu mzazi aiangaliaye. Lakini tukiri ukweli: mara nyingine twapiga kila saa, na mtoto asipoitika, usingizi hauji. Na wako kati yetu wasemao tangu mwanzo: "Wangu haendi." Hofu hiyo twaijua, tumelala nayo. Basi tuipeleke mbele ya Injili.

Mwinjili Luka asimulia kwamba Yesu, alipokuwa na miaka 12, alibaki Yerusalemu, na wazazi wake wakaenda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara pamoja na jamaa. Wakamtafuta kwa uchungu, wakamwona hekaluni siku ya tatu. Hapo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, walimtafuta: uangalizi ni wajibu wa mzazi. Hivyo kabla ya safari tuhakikishe hati zake, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na tumjue kwa jina mtu mzima atakayewaongoza. Pili, walipoambiwa kwamba imempasa kuwa kwa Baba yake, hawakuelewa. Lakini Mama Maria aliyaweka hayo yote moyoni.

Namugongo penyewe pana fundisho zito. Miongoni mwa wale waliochomwa moto Juni 3, 1886, alikuwamo kijana Mbaga Tuzinde. Mzee aliyemlea ndiye aliyekuwa mkuu wa wauaji, naye alimsihi sana aikane imani ili apone. Kijana alikataa. Yule mzee alimpenda kweli. Lakini alitaka kumwokoa mwana kwa kumnyang'anya Mungu wake. Ndugu, si kila chozi la mzazi linamtakia mtoto mema. Tujipime: tunapomzuia, je, twamlinda yeye, au twajilinda sisi na upweke wetu?

Nasi wa Mara tunao mfano karibu. Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 aliondoka Butiama kwenda shule ya Mwisenge, Musoma. Mama yake, Mugaya, hakuwa na simu; alibaki nyumbani, mtoto akaenda. Mtoto huyo ni Julius Nyerere, aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943, ambaye leo Kanisa lamwita Mtumishi wa Mungu. Na huko huko Namugongo, Juni 1, waamini humwombea atangazwe mwenye heri.

Basi, wazazi wapenzi, mtoto akisafiri, tupatane naye saa moja ya jioni ya kuzungumza, na saa nyingine tumwachie Mungu. Wakati wao wanaposali Rozari kule, sisi tuisali huku; hapo hatuko mbali naye. Na arudipo, tusimwulize kwanza ametuletea nini. Tumkalishe, tumpe uji, tumwulize aliomba nini, kisha tunyamaze tumsikilize. Pengine atasema neno tusilolielewa. Tuliweke moyoni, kama Mama Maria. Mtoto ni amana; Mwenye amana yu pamoja naye njiani.