Somo la 6: Shoka la Kuazimwa

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Wafalme 4:38–44, 2 Wafalme 6:1–7, Kutoka 22:14, Zaburi 24:1, Yohana 6:1–13.

Fungu la Kukariri: Yohana 6:12.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amepokea fedha za kujikimu, zile ambazo wanachuo wa Tanzania huziita "bumu." Wiki ya tano haijaisha, na fedha zimekwisha. Mama anapopiga simu kuuliza kama amekula, anajibu, "Nimekula, mama." Siku ya Sabato anakaa kiti cha nyuma, na baada ya ibada anaondoka kabla ya chakula cha pamoja, kwa sababu hana alicholeta.

Biblia inawajua wanafunzi wa namna hii. Wana wa manabii, waliofundishwa na Elisha, walikula chungu kimoja, walijijengea makazi kwa mikono yao, na mmoja wao alifanya kazi kwa shoka la kuazima. Wengi hudhani uwakili huanza siku ya mshahara wa kwanza. Mungu aliwafundisha vijana hawa uwakili wakiwa na kidogo.

JUMAPILI: Chungu Kimoja

Soma 2 Wafalme 4:38. Elisha aliagiza nini, na agizo hilo lina maana gani wakati wa njaa?

Elisha hakumwuliza kila mmoja amekuja na nini. Aliagiza chungu kikubwa kibandikwe jikoni kwa ajili ya wote.

Wanafunzi wanne wa chumba kimoja wakipika kila mtu chake, huwasha majiko manne. Wakiunganisha maharage yao na kuyaloweka usiku kucha, jiko moja linatosha, nayo huiva mapema. Fedha inabaki, na mkaa unaotumika ni kidogo, kwa hiyo na miti inayokatwa hupungua. Zaidi ya hayo, penye chungu kimoja hujulikana mara moja nani hajala.

JUMATATU: Matango-mwitu

Soma 2 Wafalme 4:39–41. Kosa lilikuwa wapi, na wenzake waliokolewaje?

Aliyekwenda kuchuma alikuwa na nia njema, lakini njaa ilimharakisha, akajaza nguo yake matunda asiyoyajua. Si kila kinachopatikana upesi ni msaada. Mkopo wa haraka wa simu hupatikana kwa kubonyeza mara chache, na uchungu wake huonekana siku ya kulipa.

Angalia pia kwamba walioonja walipiga kelele. Kama wangenyamaza kwa aibu, wangekufa. Elisha naye hakumkaripia aliyechuma, wala hakuamuru chakula kimwagwe. Alitia unga, na Mungu akakiponya chungu.

JUMANNE: Mikate Ishirini

Soma 2 Wafalme 4:42–44. Nani alitoa, na nani alipokea?

Malimbuko ya nafaka yalikuwa sehemu ya makuhani (Kumbukumbu la Torati 18:4). Mtu wa Baal-shalisha aliyaleta kwa Elisha, naye Elisha hakujiwekea. Mikate 20 ya shayiri iliwekwa mbele ya watu 100, wakala, ikasalia.

Mtoaji huyu alimtanguliza Mungu. Mwanafunzi pia anahitaji utaratibu siku fedha inapoingia: kwanza sehemu ya Bwana, kisha kodi, chakula na masomo, halafu mengine. Mwenye shilingi 600,000 za siku 60 asijihesabu kuwa na 600,000. Anazo 10,000 kwa siku, na kodi, nauli na kopi za vitini zimo humo humo. Hesabu hiyo ifanywe na kuandikwa kabla ya kuingia dukani.

JUMATANO: Kiliazimwa

Soma 2 Wafalme 6:1–7 na Kutoka 22:14. Kwa nini mwanafunzi yule alilia?

Makazi yalikuwa yamewabana, nao wakaenda Yordani, kila mmoja akate boriti yake. Chuma cha shoka kikatumbukia majini. Kijana hakulalamika kwamba kazi yake imekwama. Kilio chake kilikuwa kwamba kifaa kile si chake. Sheria ilimtaka anayeazima kitu alipe kikiharibika, na mtu wa chungu kimoja angelipa kwa nini?

Karibu kila alicho nacho mwanafunzi ni cha kuazimwa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha, nayo marejesho husaidia wanaokuja nyuma. Kitanda cha bweni kitalaliwa na mwingine mwakani. Bomba linaloachwa wazi na taa inayowaka mchana hulipiwa na mtu fulani. Hata dunia, kwa mujibu wa Zaburi 24:1, ina Mwenyewe. Mtu asemapo, "Si mali yangu," ili apate kuharibu, ametumia vibaya neno ambalo mwana wa manabii alilisema kwa machozi.

Mungu aliyeumba mito alijishughulisha na deni la mwanafunzi mmoja. Chuma kikaelea. Kisha kijana akaambiwa akiokote mwenyewe.

ALHAMISI: Vipande Visipotee

Soma Yohana 6:1–13. Kwa nini Yesu, aliyeweza kuzidisha mikate, aliagiza mabaki yakusanywe?

Vikapu 12 vilijaa vipande vya mikate ya shayiri, chakula cha watu wa kawaida. Wingi wa baraka haukuwa ruhusa ya kutupa. Nchini Tanzania mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini mfuasi wa Kristo habebi kikapu kwa kuogopa faini tu.

Agizo hili linaligusa kanisa pia. Sufuria za chakula cha pamoja zinaporudi nyumbani na mabaki, wakati kijana wa kiti cha nyuma amekwisha kuondoka, kuna kipande kilichopotea, nacho si cha mkate.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Ellen G. White, sura ya "Shule za Manabii," katika kitabu Wazee na Manabii. Anaeleza kwamba wanafunzi wa shule hizo walijitegemea kwa kulima au kwa kazi za ufundi, na kazi haikuhesabiwa kuwa aibu.

Maswali ya Kujadili:

1. Wengine husema mkopo wa masomo hautolewi zaka kwa kuwa ni deni. Wengine hutoa kwa sababu ndio riziki yao. Kila upande unasimamia kanuni gani?

2. Kuna tofauti gani kati ya kubana matumizi na ubahili? Mwanafunzi atajuaje kwamba amevuka mpaka?

3. Wanafunzi wangapi huabudu katika kanisa lenu? Taja majina yao. Ni nani kati yao anayeondoka kabla ya chakula, na ni nani atakayemshika mkono Sabato hii kabla hajafika mlangoni?