Mtoe Huyo Mama

Rafiki yangu ni fundi simu. Kibanda chake kipo Mbinga mjini, na simu anayopigia picha aliiunga mwenyewe kutokana na simu tatu zilizokufa. Juni ya mwaka juzi alishuka Mbamba Bay kupeleka simu za wateja, akarudi na picha moja ya machweo. Alituonyesha akiwa ameishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba uji wa moto.

Tulikuwa watano mgahawani, Jumamosi, chai na chapati mezani. Hakuna kati yetu anayelipwa kwa picha. Mmoja anafundisha shule ya msingi, mmoja muuguzi, mmoja ananunua kahawa, halafu fundi, na mimi niliyekuwa likizo kutoka Dar es Salaam ninakosomea shahada ya uzamili ya falsafa. Tangu lami ilipofika ziwani, kilomita 66 kutoka Mbinga, machweo ya Nyasa yamekuwa ugonjwa wetu. Unashuka mchana, unapiga picha saa kumi na mbili na nusu jioni, unarudi kulala kwako.

Meza yetu ilikuwa na sheria moja: ni marufuku kusema "nzuri". Sheria hiyo niliileta mimi, na nilikuwa na sababu. "Nzuri sana", "umetisha", "hatari mkuu" ni maneno ya kumsindikiza mtu hadi mlangoni. Mwenye picha ameamka alfajiri, amesimama kwenye baridi ya Umatengo, wewe unamlipa neno ambalo ungelitoa hata bila kuiangalia picha yenyewe. Naona kuna dharau humo, tena dharau inayotabasamu. Kumkosoa mtu ni kumwambia kwamba kazi yake umeitazama kweli. Mpaka leo naamini hivyo.

Basi nikaitazama picha ya fundi. Jua limebaki kidole kimoja juu ya maji, upande wa Malawi. Mitumbwi miwili imeachwa ufukweni. Na kulia, pembeni kabisa, mama ameinama anasugua sufuria kwa mchanga. Mdomo wa sufuria umenasa mwanga, na mchanga uliolowa chini yake unang'aa.

Nilisema mambo matatu. La kwanza, upeo umelalia kushoto, maji yatamwagika. Wote walicheka, naye akacheka. La pili, kule ziwa linatazama magharibi, kwa hiyo simu inagongana na jua uso kwa uso. Agusilie kioo mahali penye mwanga mkali kabla ya kupiga, anga lisiungue likawa jeupe. La tatu: "Mtoe huyo mama. Anavuta jicho."

Nimelirudia hilo la tatu kichwani mara nyingi. Lile la kwanza mtu yeyote anaweza kulipima, maana maji ya ziwa hayalali upande. La pili nalo lina kipimo chake. La tatu lilikuja limevaa nguo za mawili yaliyotangulia. Nililitamka kwa sauti ileile, kidole kilekile kwenye kioo, na hakuna aliyeona kwamba nilikuwa nimeacha kuzungumzia namna ya kupiga picha, nimeanza kuamua kipi duniani kinastahili kutazamwa. Nadhani hata mimi sikuona.

Fundi alitii. Kuna programu za kufuta watu siku hizi, unapitisha kidole tu. Akaisafisha Songea, kubwa, akaitia fremu na kuitundika juu ya meza yake ya kazi. Wateja wakisifu anasema, "Dada ndiye aliyenifundisha." Nilizipokea sifa hizo kwa karibu mwaka mzima.

Kilichonizindua hakikutoka ziwani, kilitoka shambani. Nilikuwa nimepiga picha ya ngoro alfajiri, kutoka kilima cha upande wa pili, nikaenda kumwonyesha mama mdogo. Kwa asiyezijua: ngoro ni vishimo ambavyo Wamatengo hulima kwenye miteremko mikali. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana, zikafanya miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika nyasi zile, vikabaki vishimo vilivyozungukwa na kuta. Maharage hupandwa juu ya kuta, msimu unaofuata mahindi. Maji ya mvua hunaswa ndani ya vishimo badala ya kuuteremsha mlima mzima bondeni. Kwa kawaida kufyeka na kulaza nyasi ni kazi ya wanaume. Kuchimba na kufukia ni ya wanawake. Kutoka mbali shamba linaonekana kama sega la nyuki lililoanikwa mlimani.

Mama mdogo aliishika simu, akaisogeza mbali na macho, akakaa kimya. Kisha akauliza, "Hili la nani?"

Sikujua.

"Nyasi alilaza chache huyu," akasema. "Ona hapa kuta zimelegea. Mvua kubwa ikija zitakatika." Kidole chake kilikuwa kwenye ile kona niliyoipenda kuliko zote, ambako mistari iliacha kunyooka ikaanza kupinda taratibu. Kona hiyo ndiyo iliyonifanya nipige picha. Mgahawani nilikuwa nimeieleza kwa neno "mdundo", nikajisikia vizuri sana.

Mwanzoni nilijitetea moyoni kwamba mama anakosoa shamba, hakosoi picha. Lakini utetezi haukusimama. Mwaka 1757 David Hume wa Uskoti, akiandika kuhusu kipimo cha ladha, aliazima kutoka Don Quixote kisa cha ndugu wawili walioitwa kuonja divai. Mmoja alisema ni njema, ila ina kaladha ka ngozi. Mwenzake akasema inaonja chuma. Wakachekwa. Pipa lilipomiminwa lote, chini ukakutwa ufunguo umefungwa kwa kamba ya ngozi. Mnunuzi wetu wa kahawa hahitaji Hume: anaonja kikombe na kujua kwamba buni zilichachushwa kupita kiasi. Mama mdogo hali kadhalika. Alionja picha yangu akaukuta ufunguo. Mimi niliyepanda kilima na kungoja mwanga nilikuwa nimekunywa tu.

Basi nani alikuwa na jicho? Nilikuwa nimejifunza kutazama kwa video za watu wanaopiga picha kwenye fukwe zisizo na mtu, ambako mtu pembeni ni kosa. Liuli, kaskazini kidogo ya Mbamba Bay, lipo jiwe kubwa ziwani, Pomonda. Wajerumani walipofika waliona humo lile sanamu la Misri lenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, bandari wakaiita Sphinxhafen. Sidhani walidanganya, waliona kwa macho waliyokuja nayo. Zamani kisa hicho kilinichekesha.

Mwalimu, nilipomweleza haya, alinipinga. Alisema nikianza kuogopa hivi tutarudi kwenye "nzuri sana", na kwamba picha zake zisingepona bila maneno yetu makali. Ni kweli. Nami sikutaka kunyamaza. Nilitaka kujua kama neno lililokwisha kufanya kazi yake linaweza kuombewa radhi.

Desemba nikaenda kibandani, nikasingizia chaja.

"Ile picha ya mwanzo, yenye mama, unayo?"

"Nilifuta, dada. Simu ilijaa."

Nikamwambia nilikosea. Hakuinua kichwa, alikuwa anafungua kioo cha simu ya mtu. Baada ya muda akasema, "Mimi nilimpiga yule mama. Jua lilikuwa nyuma yake tu."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Wewe ndiye msomi."

Hakuisema kwa hasira, na ndiyo maana ilikaa. Nikafikiria pia kwamba mama mwenyewe hakuna aliyemuuliza, wala alipoingizwa wala alipotolewa. Nilishauri picha ishushwe. Akakataa, watu wanaipenda, na fremu aliilipia. Hilo nalo lilikuwa haki yake.

Nilikuwa bado nimekaa pale alipoingia mteja kuchukua simu yake. Akaisogelea picha, akainama, akaweka kidole kulia, chini kabisa, mahali ambapo programu ilifuta mtu na sufuria lakini ikasahau mng'ao wao kwenye mchanga.

"Fundi, hapa pana nini? Mbona mchanga unawaka peke yake?"

Fundi alinitazama kidogo.

"Alikuwepo mtu," akasema, akaendelea kukaza skrubu.