Rivolva ya Mtumba na Mtu Anayeinunua

Nchini Marekani, anayenunua rivolva iliyotumika kwa mara ya kwanza hakosi washauri. Ataambiwa afungue silinda ahakikishe haina risasi. Avute nyundo, kisha acheki kama silinda inachezacheza. Amulike ndani ya mtutu kutafuta kutu. Aangalie skrubu kama zimechubuliwa na mtu aliyejifanya fundi. Ushauri mzuri, na kwa kitu kinacholipua baruti kiganjani mwako, ni wa lazima.

Ila unakagua chuma tu. Sasa chuma kikishafaulu, je?

Tuchukue rivolva ambayo wapenzi wa fasihi wanaijua. Tarehe 10 Julai 1873, asubuhi, mjini Brussels, mshairi Paul Verlaine alinunua Lefaucheux ya milimita 7. Mchana wa siku hiyohiyo, akiwa amelewa, aliifyatua mara mbili kumlenga mpenzi wake Arthur Rimbaud, aliyetaka kuondoka kwenda Paris. Risasi moja ilimpata kwenye kifundo cha mkono. Verlaine alihukumiwa miaka miwili jela. Mwaka 2016 bastola hiyo iliuzwa mnadani Paris kwa euro 434,500. Mtumba wa bei mbaya, na kilicholipiwa pale ni jeraha.

Fundi yeyote angeipitisha Lefaucheux ile asubuhi ile, maana ilifanya kazi vizuri mno. Aliyehitaji kukaguliwa ni mteja. Na muuzaji kwa kawaida haulizi sana: Rimbaud mwenyewe baadaye aliingia kwenye biashara ya silaha, na mwaka 1887 alimpelekea Menelik wa Shewa shehena ya bunduki kuukuu za Ulaya.

Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, muuzaji mwenye leseni lazima mnunuzi wake achunguzwe kwanza. Mtu binafsi anayemuuzia mwenzake wa jimbo lilelile halazimishwi na sheria hiyo, ingawa baadhi ya majimbo yanamlazimisha. Yaani kwenye soko la mtumba unaweza kubaki wewe peke yako kama mkaguzi wako mwenyewe. Na zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi nchini humo kila mwaka wamejiua. Watu hufikiria mwizi atakayevunja mlango, wakati hatari mara nyingi ina ufunguo wa nyumba.

Utasema: mimi si Verlaine. Sawa. Na mama anayeishi mbali na kituo cha polisi, anayetishiwa na mume waliyeachana, ana sababu yake. Sisi tulio salama tusimhukumu haraka. Lakini hata Verlaine hakuwa yule wa Brussels kila siku. Unapolipa, unamnunulia pia yule utakayekuwa siku yako mbaya kuliko zote.

California humfanya mnunuzi asubiri siku kumi. Verlaine angesubirishwa hivyo, Rimbaud angeshafika Paris zamani.

Basi kwenye ile orodha ya ukaguzi mimi ningeongeza mawili. Subiri siku kumi hata kama sheria haikulazimishi. Halafu mwambie mtu aliyewahi kukuona ukiwa na hasira au umekata tamaa, umuulize kama akuache ununue. Kama unaliogopa jibu lake, rudisha pesa mfukoni. Silinda inayocheza ina fundi wake. Mkono wako siku ile hautakuwa na fundi.