Msimfanye Dada Mtu Askari

Wajukuu zangu mlioanza kulea, nyumba yenye mtoto asiyeshikika, anayeuma wenzake na kurusha mawe ovyo, ina watoto wengine pia. Nawaombeni muwatazame hao. Hapa kwetu Gulwe kila mtu anamjua yule mmoja kwa jina. Wenzake wanajulikana tu kama ndugu zake.

Yuko binti wa darasa la nne hapa jirani. Madaftari yake huyachomeka juu, kati ya fito na udongo wa paa la tembe, maana kaka yake akiyapata huyachana. Jioni huja nayo kwangu kusoma. Akisikia sauti imepanda kule kwao, kalamu husimama, haandiki tena mpaka kutulie. Mama yake humsifu: "Huyu hanisumbui hata kidogo." Sifa hiyo hunitia hofu. Mtoto wa umri ule asiyedai chochote ameshakata tamaa ya kusikilizwa.

Msimfanye dada mtu askari wa kaka yake. Kwetu hapa reli iko jirani, na Mto Kinyasungwe pia, na kifuku kikishika maji yake si ya kuchezea. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliiharibu reli ile baina ya Kilosa na Gulwe, chuma kwa tuta lake. Mtoto huyo akitoroka mbio kuelekea huko, afuatwe na mtu mzima. Na akipotea, binti asigombezwe, "Ulikuwa wapi wewe?" Kuzaliwa wa kwanza hakujampa kazi ya uzazi.

Wala ndugu zake wasiambiwe kila siku, "Mwachieni, huyo mgonjwa." Akimpokonya mwenzake chakula, arudishe, na kama ameshakila, aliyepokonywa apakuliwe kingine. Aliyepigwa apewe haki yake palepale, bila fimbo wala matusi kwa aliyempiga. Watoto wanaohimizwa kuvumilia tu humchukia ndugu yao kimyakimya. Ninyi mtakufa, wanangu, na hao ndio atakaobaki nao.

Waelezeni ukweli. Kama kaka yao aliugua malaria ikapanda kichwani akashikwa na degedege, semeni hivyo, kwamba maradhi yale huweza kuudhuru ubongo na kubadili tabia. Mkisema karogwa na shangazi, watamwogopa kaka, watamwogopa na shangazi, na ukoo utavunjika bila mtoto kupona.

Wapo wanaomfunga mtoto kama huyo kamba mtini, ndugu zake wakitazama. Acheni! Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto, na hao wanaotazama wanajifunza namna mtu mnyonge anavyotendewa. Mpelekeni hospitali ya wilaya, Mpwapwa. Ikibidi mtaelekezwa hospitali ya Mirembe, Dodoma. Huenda ni kifafa, nacho kina dawa ya kumezwa kila siku. Mwoneni na afisa ustawi wa jamii, na watoto wenyewe wafundisheni namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Kisha gawaneni, baba na mama. Mmoja abaki na msumbufu, mwingine amchukue yule mtulivu waende mnadani au shambani, wawili tu. Njiani muulizeni habari zake, za shule na za rafiki zake. Na siku atakapofoka na kulia kwamba amechoka na kaka yake, msimkemee. Msikilizeni mpaka amalize.